Viatu Vionekane

Mwezi wa pili ukielekea ukingoni, kwetu Slate Lick, kwenye milima ya Appalachia, hakuna mtu anayetamani kupigwa picha. Theluji imeshazeeka, imebaki mabonge meusi kando ya barabara. Barafu inaning'inia kwenye miamba, na mchana ikipata joto kidogo hukatika na kuanguka kwa kishindo. Jua lenyewe huchungulia bondeni saa nne asubuhi, na saa tisa limeshajificha nyuma ya mlima. Watu wana mafua, wana matope mpaka magotini. Ukimwambia mtu atabasamu, anakuuliza kwa lipi.

Delphia Stamper ndiye mpiga picha pekee tuliye naye. Studio yake iko barabara kuu, mahali palipokuwa duka la dawa zamani, na siku za unyevu kuta bado hutoa harufu ya dawa ya kikohozi. Harusi huanza Mei. Kabla ya hapo yeye hupiga chochote kinachopita mbele yake: wasichana wa mpira wa kikapu, picha za pasipoti za watu wanaoota kwenda mbali, ndama pacha, paa la ghala lililobomoka kwa uzito wa barafu ili mwenye ghala awe na la kuwaonyesha watu wa bima. Asubuhi moja ya majuma hayo alikuja bwana mmoja na mbwa wake mzee wa kuwindia, akataka mbwa apigwe picha akiwa amevaa kofia. Mbwa aliila kofia.

Ndio kwanza Delphia anaokota vipande vya ile kofia, mlango ukafunguliwa akaingia Oma Gevedon.

Bi Oma hakuhitaji kujitambulisha. Alikuwa mpishi wa shule yetu tangu sisi wadogo mpaka tukapeleka watoto wetu pale, na ni wachache hapa ambao hawajala chakula cha mkono wake. Alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, mrefu, mwembamba, mgongo wima, na ulimi ambao haukustaafu pamoja naye.

"Delphia, unapiga picha za msiba?"

"Maskini! Nani amefariki, Bi Oma?"

"Hajafariki mtu. Nasema yangu."

Delphia akaweka vipande vya kofia mezani. "Unaumwa?"

"Naumwa goti. Goti haliui. Lakini ulimwona Easton gazetini juma lililopita? Walimtoa na picha ya leseni ya udereva. Mtu kafundisha watoto kanisani maisha yake yote, kaja kuagwa na sura ya mwizi wa kuku. Mimi nataka yangu niione mwenyewe nikiwa bado na macho."

"Haya, karibu. Keti hapo kwenye kigoda."

"Sikai. Nasimama. Na viatu vionekane."

"Bi Oma, picha za tanzia huwa wanakata hapa kifuani."

"Basi hii wasiikate. Nimesema viatu vionekane."

Alikuwa ameacha mabuti yake ya mpira nje kwenye ngazi, yamejaa matope. Akafungua mfuko wa nguo aliokuwa ameukumbatia, akatoa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Akavivaa akiwa ameegemea ukuta, akafunga kamba kwa mafundo mawili, akakung'uta koti lake la bluu, akaenda kusimama mbele ya pazia.

Delphia alikuwa amepiga picha watu wa kila aina: walevi, maharusi wenye hofu, watoto wanaouma. Lakini hakuwahi kuona mtu akitoweka vile. Alipoinua kamera, ule ulimi mrefu ukanyamaza. Taya zikakaza, vidole vikashika upindo wa koti, macho yakatazama mahali fulani nyuma ya mpiga picha. Delphia akataniana naye kuhusu chakula cha shule, akamkumbusha siku mwalimu mkuu alipopata kijiko ndani ya supu. Wapi. Mwishowe akamwonyesha zilizotoka.

"Huyu nani?" Bi Oma akauliza. "Mbona kama anasubiri kuhukumiwa?"

"Ni studio inakukaza. Watu hulegea wakiwa kwao. Nikija kwako, ukasimama pale barazani kwenye mwanga wa..."

"Barazani, hapana." Ilitoka kali hata yeye mwenyewe akashtuka. Akavua viatu, akavifunga kwenye mfuko wake, akashuka ngazini kuvaa mabuti. "Nitarudi nikiwa na sura," akasema, akaondoka.

Delphia alidhani ni uzee tu. Hakufikiri zaidi, maana siku iliyofuata alikuwa na darasa zima la watoto wadogo, kila mmoja na kamasi zake, na ilimchukua mchana kutwa kuwafuta pua kabla ya kila picha.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa mwanamke, sauti ya mjini, laini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akajitaja kuwa Bi Thorne, mhariri wa jarida moja kubwa. Delphia alilifahamu vizuri. Tangu ujana wake alikuwa akilipelekea picha zake, na hawakuwahi kumjibu hata neno moja.

"Nimeziona kazi zako, Bi Stamper," Bi Thorne alisema. "Zinanigusa. Nina kazi ambayo naamini ni wewe tu unayeweza kuifanya."

Akatuma picha kwenye kompyuta huku wakiongea. Delphia alipoifungua hakuhitaji kuitazama sana, kwani hakuna mtu wa milimani asiyeijua. Ni msichana wa miaka tisa hivi, amesimama peku kwenye mbao za baraza, theluji imetanda uani, uso una masizi, mtoto mchanga amempakata kiunoni. Mguu mmoja umekanyaga juu ya mwenzake. Ilipigwa miaka ile wakubwa wa nchi walipoapa kuumaliza umaskini wa milima ya Appalachia. Imo kwenye vitabu vya shule. Mtu akitaka kusema jambo lolote kuhusu sisi, liwe la huruma au la dharau, huitanguliza hiyo.

"Hakuna aliyewahi kuandika jina lake," Bi Thorne aliendelea. "Tumelipata. Yuko hai, yuko huko huko kwenu. Anaitwa Oma. Kwao ni Slone, aliolewa na mtu wa Gevedon. Baraza lenyewe bado lipo, na anaishi nyumba ile ile. Tunataka umpige pale pale, leo, baada ya maisha yote hayo. Tunakupa kurasa sita."

Delphia alishika simu muda mrefu baada ya kuikata. Kurasa sita. Akaitazama tena ile picha, safari hii akamtazama msichana mwenyewe, akayaona yale macho yaliyokuwa yakitazama nyuma ya mpiga picha.

Jioni Curtis, mumewe, alirudi na chumvi mpaka kwenye nyusi. Ndiye anayeendesha lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Delphia akamwekea chakula, akamngoja ashibe kidogo.

"Curtis, ulijua kwamba yule msichana wa picha ni Bi Oma?"

Curtis akaacha kutafuna. "Nani kakuambia?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Watu wazima wote wanajua. Mama aliniambia nilipokuwa mdogo, akasema nikilitaja mbele ya Bi Oma atanikata masikio yote mawili."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Wewe mtu wa ng'ambo ya mlima."

"Nimeolewa hapa miaka kumi na minane, Curtis!"

"Ndiyo maana nakuambia sasa."

Akamtupia kitambaa cha sahani. Kisha akamweleza habari za jarida, na kurasa sita, na Curtis hakutania tena. Alijua ni mara ngapi mkewe alikuwa ameusubiri mlio wa simu hiyo.

"Unaitaka hiyo kazi?" aliuliza.

"Naitaka mpaka tumbo linaniuma."

"Basi nenda ukamwambie. Uso kwa uso. Usimzunguke yule mama, atakunusa." Akavuta sahani yake. "Na uende polepole. Barabara ya kwake sijaimwagia kitu."

Alikwenda polepole. Hata hivyo pale kona ya mwisho, ambapo kijito kinavuka barabara na kuganda, gari lilianza kutembea kwa mapenzi yake. Likageuka upande, likateremka taratibu kama mtu anayeketi, likatulia mtaroni. Delphia hakuwa hata amefungua mlango aliposikia trekta. Bi Oma alikuwa juu yake, kofia ya sufu imefunika masikio, mnyororo begani.

"Umekuja kunipiga picha au umekuja kunizibia mtaro?"

"Nimekuja kuzungumza, Bi Oma."

"Ungepiga simu, ungezungumza ukiwa kavu. Funga huo mnyororo. Siyo hapo, utang'oa bampa! Hapo chini. Enhe."

Gari likatoka na nusu ya mtaro. Wakaingia ndani. Jiko la kuni lilikuwa linanguruma, na Bi Oma akapakua bila kuuliza: maharage yaliyochemka na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi, kitunguu kibichi. Delphia alikula vijiko viwili, akaona hawezi kuendelea kabla hajasema. Akasema yote. Jarida, simu, baraza, kurasa sita.

Bi Oma aliweka kijiko chini. Akainuka, akatia gogo jikoni ingawa jiko halikuhitaji, akarudi kuketi.

"Nilikuwa na viatu," alisema.

Delphia akasogeza sahani yake pembeni.

"Baba yangu, Hobart, aliangukiwa na dari ya mgodi. Nusu mwaka mzima yuko kitandani. Shule zilipofunguliwa akauza bunduki yake ya kuwindia akaninunulia viatu. Vya kahawia, vya kamba. Bunduki aliyoachiwa na baba yake, Delphia. Mimi nilikuwa nalala navyo vile viatu chini ya mto.

"Yule bwana alikuja mwezi kama huu. Mama kaenda kufua kwa jirani, Baba kalala kwa zile dawa zake. Mimi ndio nimetoka kubeba makaa ya mawe, unajua mtu akibeba makaa anakuwaje. Estill, mdogo wangu, nimempakata. Alikuwa bwana mpole. Akanipa peremende. Akanitazama kupitia ile kamera yake, kisha akasema, 'Hebu vua viatu, binti. Viweke ndani ya mlango.' Nikamuuliza kwa nini. Akasema vinang'aa sana, vinaharibu picha."

Akacheka kidogo, bila furaha.

"Mimi nikafurahi! Nikaona kumbe viatu vyangu vinang'aa mpaka vinamshinda bwana wa mjini na mashine yake. Nikavivua. Mbao zilikuwa baridi, nikakanyaga mguu juu ya mguu. Kuna profesa mmoja kaandika kwamba ile miguu imepinda kwa utapiamlo. Miguu yangu! Nilikuwa naona baridi tu.

"Basi. Gazeti likafika dukani. Baba alikuwa amepata nafuu, akaenda kununua chumvi akijikongoja kwa fimbo, akakuta wanaume wote wanaitazama ile picha, na alipoingia wakalikunja gazeti. Aliporudi hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Aliniuliza tu, 'Viatu vyako vilikuwa wapi?' Nikamwambia. Akatoka nje akaanza kupasua kuni. Tulikuwa na kuni za kutosha mpaka kiangazi. Baada ya hapo yakaanza kuja maboksi ya nguo kuukuu kutoka kwa watu tusiowajua, na dukani Baba hakukanyaga tena mpaka anakufa. Watu wa nchi nzima waliamini ni mtu anayemwacha mwanawe peku kwenye theluji. Hakupata pa kuwajibia."

Gogo likalia ndani ya jiko.

"Sasa nikifa mimi, watatoa picha ipi? Ndiyo ile. Nikaona nitangulie."

Delphia alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Bi Oma, sitakudanganya. Niliitaka kazi hii. Hata sasa bado naitaka kidogo."

"Angalau husemi uongo. Kula, maharage yanapoa."

Wakala. Bi Oma alitafuna taratibu, anawaza. Walipomaliza akasema, "Mwambie huyo mhariri nimekubali. Nitasimama pale pale kwenye baraza la baba yangu. Ila nitakuwa na viatu, na ayaandike haya niliyokuambia, kama nilivyoyasema."

Delphia aliteremka lile bonde akiimba peke yake garini. Aliiona picha nzima kichwani: mwanga wa saa tano, mama mrefu, koti la bluu. Akampigia Bi Thorne kabla hajavua koti.

Bi Thorne alisikiliza mpaka mwisho. Delphia akamsikia akivuta pumzi.

"Hii ni kubwa kuliko tulivyotarajia," alisema. "Ni ajabu. Inaumiza. Sikiliza, Bi Stamper, nimeshaiona. Picha mbili, kurasa zinazotazamana. Moja akiwa peku, vilevile kama zamani, mguu juu ya mguu. Ya pili amevaa viatu. Unaona nguvu yake?"

"Ana miaka sabini na mmoja, na baraza lina barafu."

"Ni dakika moja tu. Au, kama ni taabu, avishike mkononi. Miguu wazi, viatu mkononi. Msomaji ataelewa papo hapo."

Delphia alitazama nje ya dirisha, lori la magogo linapita na kurusha maji machafu. Angeweza kusema hapana palepale. Lakini akaona si haki yake kukataa, kama isivyokuwa haki yake kukubali. "Nitamuuliza," alisema. "Miguu ni yake."

Bi Oma aliposikia akaanza kucheka kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa.

"Wana nini na miguu yangu hawa watu?"

"Sijui, Bi Oma."

"Yaani nivue tena? Uzee wote huu, nivue tena?" Kicheko kikaisha. "Hapana, mwanangu. Mwambie hapana. Kazi yako unaikosa, eh?"

"Naikosa."

"Pole sana."

"Si kitu."

"Ni kitu. Usinidanganye mimi, nimekujua tangu umekuja hapa na sketi fupi. Ni kitu, na umeiacha. Asante."

Bi Thorne hakukasirika. Alisema anaelewa, akasema ni hasara, akasema watatumia kilichopo. Delphia alilia nyuma ya pazia la studio, lakini si kwa muda mrefu, maana aliingia kijana anayetaka picha ya kuombea kazi, na alikuwa amevaa tai ya baba yake inayomfika mapajani. Ikabidi amfunge upya.

Jumamosi ya juma hilo mvua ilikuwa inanyesha, ile ya baridi isiyojua kama ni mvua au theluji. Bi Oma akaingia na mfuko wake wa viatu, na mfuko mwingine wa mboga za porini alizochuma shambani, zile za kwanza kuota baridi ikianza kulegea.

"Hizi za Curtis. Azichemshe mara mbili, zina uchungu." Akavua mabuti, akavaa viatu, akafunga mafundo yake. Kisha badala ya kwenda kwenye pazia akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kamera."

"Kwa nini?"

"Nenda kasimame wewe."

"Mimi sipendezi kwenye picha, Bi Oma. Hata kwenye harusi yangu..."

"Sikukuuliza unapendeza. Nenda."

Delphia akaenda. Akasimama kwenye msalaba mdogo wa utepe alioubandika mwenyewe sakafuni, mahali ambapo alikuwa amewasimamisha watu mia kadhaa. Taa zikampiga usoni. Akagundua kwamba hajui kusimama. Mikono ilikuwa mingi.

"Nifanye nini na mikono?"

"Aaa," alisema Bi Oma nyuma ya kamera. "Sasa unaniuliza mimi. Inua kidevu. Kishushe. Mbona unakunja uso? Tabasamu! Siyo hivyo, utatisha watoto."

"Bi Oma, bonyeza basi!"

"Unaona raha yake? Mtu amekushika hapo kama kuku, na yeye amejificha." Akabonyeza.

Walipoitazama, Delphia hakuwa na kichwa. Kulikuwa na sweta, na shingo, na kidole gumba cha Bi Oma kikubwa kama kiazi. Wakaangua kicheko. Bi Oma alilazimika kuegemea meza. Na Delphia, bado anacheka, akachukua kamera yake, akaisogeza taa kidogo ili na yeye aonekane, akazungumza bila kujificha. Akamuuliza Hobart Slone alikuwa mtu wa namna gani. Bi Oma akamwambia: mpiga filimbi mbaya, mwoga wa mbwa, bingwa wa kusimulia uongo mtamu. Akiwa anaeleza hayo alipigwa picha nyingi, na mikono yake ilitulia kando, na macho yakawa hapa, chumbani.

Waliketi mbele ya kompyuta kuchagua. Delphia hakuwa na shaka. Kulikuwa na moja ambayo Bi Oma ametupa kichwa nyuma, amecheka mpaka jino la dhahabu limeonekana. "Hii," alisema. "Bi Oma, hii ni nzuri kuliko picha zote nilizopiga mwaka huu."

Bi Oma akaitazama. "Ni nzuri. Nipe na hiyo, nitaiweka chumbani." Akanyoosha kidole kwenye nyingine. Humo alikuwa amesimama wima, hajacheka wala hajanuna, koti limefungwa vifungo vyote, anaitazama kamera kama anavyomtazama mtoto aliyerudisha sahani na chakula ndani. "Ya gazeti ni hii."

"Lakini ile ina uhai!"

"Ile ni yangu na wewe. Hawa wengine wameshaniona nikiwa vile walivyotaka wao. Wanione hivi ninavyotaka mimi."

Delphia akaichapa hiyo, viatu na vyote.

Jarida lilitoka mwisho wa Machi. Ile picha ya zamani ilichukua ukurasa mzima, na chini yake kulikuwa na habari ndefu kuhusu milima yetu, na jina la Bi Oma sasa limeandikwa, na mstari mmoja kwamba hakupenda kuhojiwa. Bi Oma hakungoja kufa. Juma lilelile akaenda kwa mhariri wa gazeti letu la wilaya, ambaye amekua kwa uji wake, na toleo la Alhamisi likatoka na Bi Oma ukurasa wa pili, karibu na matokeo ya mpira wa kikapu, mzima mzima kutoka nywele mpaka soli. Chini aliandika mwenyewe:

"Mimi ni Oma, binti wa Hobart Slone. Sijafa. Siku ile nilikuwa na viatu, vipya, baba yangu aliuza bunduki yake kuvinunua. Aliyenipiga picha aliniomba nivivue. Nawashukuru waliotuma nguo. Hatukuzihitaji."

Kwenye kituo cha mafuta, wazee waliokuwa wakinywa kahawa walilisoma gazeti kwa zamu. Hatimaye mmoja wao, ambaye baba yake alikuwa na lile duka la zamani, alilikunja taratibu akasema, "Ile bunduki ya Hobart ilikuwa bunduki kweli kweli." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Wakaanza kuisifu, mbao zake, shabaha yake, mpaka kahawa ikapoa.

Gazeti letu huenda mbali kwa posta, kwa wale waliohamia viwandani wakabaki huko. Siku chache baadaye, simu ya studio ikalia, na sauti ya mwanamume ikamuuliza Delphia kama ndiye aliyempiga Oma.

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Estill Slone. Niko Ohio." Akashusha sauti. "Mimi ndiye yule mtoto. Wa kwenye picha."

Delphia akavuta kiti.

"Dada hajawahi kuniambia," Estill alisema. "Hata mara moja. Mimi nimekua nikimchukia mzee, unajua? Nilikuwa nikiiona ile picha najisemea, baba gani huyu. Sikwenda hata kumwona alipokuwa mgonjwa." Akakohoa. "Naomba unitengenezee moja kubwa. Ile yenye... nzima. Usikate kitu."

"Sikati kitu. Umempigia dada yako?"

"Namwogopa."

"Kila mtu anamwogopa. Mpigie."

Jumatatu Bi Oma aliingia studio bila mfuko wa viatu, mabuti yake yakichora matope mpaka katikati ya sakafu, ameshika sinia lililofunikwa kitambaa. Akalitua juu ya meza ya Delphia na kuondoa kitambaa. Ilikuwa pai ya tufaha, juu nyeusi kama lami.

"Estill alipiga simu nikiwa nimeitia jikoni. Tumeongea mpaka moshi ukajaa sebule. Hili ni kosa lako, kwa hiyo utaila wewe na mumeo."

"Alisemaje?"

"Alilia. Mwanamume wa miaka sitini na mitatu, mwenye wajukuu! Nikamwambia nyamaza, simu italowa." Akatoa leso, akapenga kwa kelele, akaangalia pembeni. "Halafu nikamsimulia kuhusu filimbi. Hakujua kama Baba alikuwa anapiga filimbi. Anakuja Pasaka. Nimemwambia alete nguo za kazi, paa la ghala linavuja."

Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akakaa pale karibu saa nzima, akimsema kila mteja aliyeingia. Alipoondoka Delphia alimwita Curtis, wakakwangua ile pai kwa kisu wakaila wakiwa wamesimama. Ndani ilikuwa bado nzuri.